Nsimire na Mashine Nane Zenye Uroho

Nsimire alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kazini: hakuweza kuona nafasi imekaliwa bure. Mkoba ukiwekwa kitini, anauondoa. Basi shirika la vituo vya afya lilipomkabidhi seva zake mbili, kule mtaa wa Himbi, hakuna aliyeshangaa. Wakubwa waliziita seva hizo "wingu", ingawa zilikaa kwenye kabati la chuma jirani na choo.

Ndani yake mlikuwa na mashine pepe nane, kila moja ikijiona kompyuta kamili: moja ya faili za wagonjwa, moja ya dawa, na kadhalika. Mkurugenzi, Papa Donat, aliamuru kila moja ipewe giga kumi na sita za kumbukumbu, ile nafasi ambamo kompyuta hufanyia kazi, asije akaitwa mbaguzi.

Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Matetemeko yaliyofuata yakaangusha seva moja, ikafa. Sehemu kubwa ya mji ikahama, wengi wakielekea Sake. Nsimire akabaki na giga sitini na nne, na mashine zote nane, zinazodai mara mbili yake.

"Tununue kumbukumbu ingine," akasema Papa Donat kwa simu, kutoka Bukavu alikokimbilia.

"Papa, maduka yote imefungwa. Na mashine yako inashika giga seize, kumi na sita nzima, inatumia moja tu!"

"Ni ya direction, ya sisi wakubwa, mama. Inahitaji heshima."

"Heshima nitaiachia. Giga nachukua."

Akapima siku nzima kila mashine inatumia nini kweli. Kisha akaweka ndani ya kila moja programu ndogo ya kuirudishia seva nafasi isiyotumika, ili ipewe mashine yenye shida. Faili za wagonjwa tu alizitengea fungu lisiloguswa. Mwanzoni alibana mno, mashine ya dawa ikaganda. Akailegeza huku akiiomba radhi kwa sauti.

Siku ya tatu muuguzi Valérie akapiga simu kutoka Sake. Mgonjwa wa kisukari, aliyekimbia bila karatasi, hakukumbuka kipimo cha dawa yake.

"Faili imefunguka, mama! Kipimo ya insulini yake iko hapa."

Nsimire akakaa sakafuni, akalia kidogo, kisha akacheka peke yake.

Mwaka uliofuata waasi wakawafukuza watu wa Rutshuru, na wakimbizi hao wakajaa kambi ya Kanyaruchinya. Ikahitajika mashine ya tisa, ya chanjo za watoto wa kambini. Papa Donat akauliza kwa upole usio wa kawaida kama nafasi ipo.

Ilikuwepo. Nsimire akaiwasha kabla chai yake haijapoa.