Mjumbe wa Nyumba Kumi wa Lusaka

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Kurui, wilaya ya Kisarawe, pamoja na kuku wao, mbuzi wao na nguruwe pori wanaowamalizia mihogo, wanatangaziwa kwamba mwana wa kijiji hiki, Seifu Salehe, fundi wa mashine, ameteuliwa kwenda ng'ambo kwa kazi maalumu ya wiki sita. Kijiji kimepata heshima. Taifa limepata heshima. Atatueleza kwa kirefu kila atakachokiona.

Hivyo ndivyo alivyotangaza Mzee Mwinyimadi, mwenyekiti wa kijiji, kwenye mkutano ulioitishwa kuzungumzia choo cha shule. Choo hakikuzungumziwa. Watu walipiga makofi, Bi Mwamini, mama yake Seifu, akajifuta machozi kwa khanga aliyoinunua makusudi kwa siku hiyo, na Seifu mwenyewe akatazama chini kama mtu anayesomewa mashitaka.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa Lusaka. Kiwanda kimoja cha viroba pale Zegereni, Kibaha, kilikuwa kimewauzia jamaa wa Zambia mashine yake kuukuu ya kufuma, na mashine ile, kwa umri wake na visirani vyake, haikumsikia mtu mwingine isipokuwa Seifu. Yeye ndiye aliyejua kwamba ikikohoa inataka mafuta, na ikinuna inataka kofi la ubavuni. Bosi akaona mwali hapelekwi kwa mume bila kungwi. Mwali akatangulia kwa lori, kungwi akakatiwa tiketi ya ndege.

Wenzake kiwandani walimwonea wivu, wakamwagiza simu na viatu. Hawakujua kuwa mwenzao hapati usingizi. Ndege hakuiogopa, maana aliamini kitu chochote chenye injini kinaweza kusemeshwa. Baridi alikuwa na sweta lake. Aliogopa jambo moja tu: kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyemwandika.

Msimcheke kwanza. Miaka tisa nyuma, alipotoka Kurui kuja kuanza kazi Zegereni, alipanga chumba akalala siku kumi na mbili bila kwenda kujitambulisha kwa mjumbe wa nyumba kumi. Uvivu tu. Siku ya kumi na tatu pampu ya maji ya jirani ikaibwa. Watu wakaulizana mgeni hapa ni nani, na vidole vyote, kwa umoja ambao huwa hauonekani siku ya kuzibua mtaro, vikamwelekea yeye. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa tangu asubuhi hadi alasiri, akiulizwa yeye ni nani, na kila alivyojibu ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Mwishowe Bi Mwamini akafika kutoka Kurui, juu ya bodaboda, na ushahidi pekee alioukuta sandukuni: kadi ya kliniki. Mbele ya watu wazima wenye akili zao ikasomwa kwa sauti kwamba Seifu Salehe alizaliwa na kilo tatu na robo na alichelewa kuota meno. Wakamwachia. Pampu ilikuja kukutwa kwa shemeji yake mwenye pampu, lakini jina la Kilo Tatu halikumwacha.

Tangu hapo Seifu halali mahali usiku wa pili bila kuingia kwenye daftari la mtu. Hata alipokwenda Ruvu kwenye msiba wa siku tatu, alianzia kwa mjumbe. Kulia kulifuata baadaye.

Kwa hiyo kabla ya safari alimwomba Mzee Mwinyimadi barua ya utambulisho. Mzee, ambaye hajawahi kumnyima mtu muhuri, aliipiga mihuri mitatu, mmoja ukiwa kichwa chini, na juu akaandika kwa mwandiko wa kunakshi: *Kwa Mjumbe wa Nyumba Kumi, Lusaka.* Lusaka ina watu mamilioni. Mzee hakuona tatizo.

Uwanja wa ndege alipokewa na Chileshe, msimamizi wa kiwanda cha kule, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekulia Nakonde, mpakani na Tanzania, na kwa hiyo Kiswahili alikijua. Akampeleka kwenye nyumba ya kampuni. Ukuta mrefu, geti la chuma lenye mlinzi, nyaya juu ya ukuta. Seifu hakuulizia choo wala chakula. Aliuliza mjumbe wa eneo lile anakaa wapi.

Chileshe akamwambia huku hakuna mambo hayo, kila mtu ana geti lake.

"Sasa mtu akifa humu ndani?" Seifu akauliza.

"Anazikwa, ndugu yangu."

"Kwa jina gani?"

Chileshe alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Seifu hakucheka. Usiku huo alilala na barua chini ya mto.

Kesho yake, mashine ilipokwisha kushushwa na kupigwa kofi la kwanza mbele ya wahandisi wawili waliokunja nyuso, Seifu alirudi, akaoga, akavaa shati la Idi, akashika barua na kuanza kuuliza geti kwa geti. Tatizo likawa lugha. Kiingereza chake kilikuwa kile kilichobandikwa kwenye mashine: washa, zima, hatari, usiguse. Kwa mtaji huo alijitahidi kumweleza mlinzi wa geti la kwanza kuwa anamtafuta mtu wa nyumba kumi, na mlinzi, kwa nia njema kabisa, akamwelekeza kwa tajiri mmoja mwenye majengo ya kupangisha. Geti la pili dada wa kazi aliona mtu kavaa vizuri, kashika karatasi, akamwambia wao wameshaokoka, akafunga.

Geti la tatu lilikuwa la mbao na lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na bata, na katikati ya bata kulikuwa na mama mzee ameketi kwenye kiti cha kukunja. Huyo ndiye Mutale, muuguzi mstaafu, aliyekaa wodini miaka thelathini na moja, na ambaye tangu astaafu hakuwa amepata mtu wa kumwamuru isipokuwa bata.

Mutale alipokea barua kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akaisoma yote kuanzia juu hadi chini, bila kuelewa neno hata moja, akasimama kwenye ile mihuri mitatu kwa heshima inayostahili, akageuza karatasi kuutazama vizuri ule wa kichwa chini. Kisha akaingia ndani na kutoka na daftari, mzani na mashine ya kupimia presha.

Akauliza jina. Akaandika. Jina la mama. Akaandika. Anakotoka, Seifu akamwonyesha neno Kurui kwenye barua, naye akalinakili herufi kwa herufi. Akampandisha mzanini, akaandika. Akamfunga mkono, akapuliza, akatazama, akakunja uso, akaandika. Halafu akamwonyesha kwa vidole: kila Jumamosi, hapa.

Seifu alitoka pale anatembea kama mtu aliyefutiwa kesi. Kiwandani Chileshe alipopata habari, akamweleza taratibu kuwa yule si mjumbe wa chochote, ni bibi tu aliyekosa wagonjwa.

"Ameandika, hajaandika?" Seifu akauliza.

Chileshe akakiri kuwa ameandika.

"Basi."

Jumamosi ya kwanza alikwenda. Ya pili akaenda. Ya tatu hakuonekana. Ijumaa alikuwa ametetemeka kutwa akadhani ni ile baridi ya Juni ya Lusaka, akaongeza sweta juu ya sweta, akajifungia. Kumbe ni malaria, alipanda nayo ndege kutoka nyumbani. Kiwandani wikiendi hakuna aliyemtarajia. Majirani wa magetini hawakujua kuwa yupo. Jumamosi kutwa alilala sakafuni kati ya kitanda na mlango, akiwaza kuwa watamkuta Jumatatu, na kwamba safari hii hata kadi ya kliniki iko mbali.

Ilipofika saa kumi alasiri, Mutale akatazama daftari, akaona nafasi iliyo wazi. Mtu aliyekaa wodini miaka thelathini na moja havumilii nafasi iliyo wazi. Alikwenda na fimbo yake mpaka kwenye geti la kampuni, akamwambia mlinzi afungue. Mlinzi akaanza kusema habari za kibali. Hakumaliza sentensi. Wakamkuta Seifu sakafuni, wakambeba.

Kwenye zahanati karani aliuliza mgonjwa ni nani. Chileshe, aliyepigiwa simu na mlinzi akafika mbio na kandambili za miguu tofauti, akasema ni Seifu wa Tanzania. Zaidi ya hapo hakumjua. Mutale akavaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya wodi nzima: Seifu, mtoto wa Salehe na wa Mwamini, wa Kurui. Presha juu kidogo. Uzito kilo sitini na saba.

Seifu alikuwa kwenye machela, midomo imekauka. Alisikia mama yake akitajwa katika mji ambao mama yake hangeweza kuuonyesha kwenye ramani, akasikia na kilo zake, akaanza kucheka. Karani akadhani homa imepanda kichwani. Haikuwa homa. Ni ile hofu aliyoibeba tangu benchi la Zegereni, imeshuka yote kwa mpigo.

Baada ya siku nne alikuwa uani kwa Mutale, anakunywa uji, bata wakimzunguka miguuni. Mashine nayo ilikuwa inafuma bila kununa. Simu ikalia. Alikuwa Mzee Mwinyimadi, naye hakuwa peke yake: mkutano wa choo ulikuwa umeitishwa tena, na mzee alikuwa ameiweka simu kwenye kipaza sauti.

"Seifu, mwanangu," sauti ikanguruma, "kijiji kizima kimetulia kinakusikiliza. Tueleze, ng'ambo umeona nini?"

Seifu akameza uji.

"Shikamoo, Mzee. Nimeandikwa. Endeleeni na choo."