Kunde Zenye Msingi

Mama yangu hakuwa ameomba kuhamia Babati. Mkoa ulikuwa mpya, ofisi zinahitaji watu, na baba, karani wa siku nyingi Singida, akapewa barua ya uhamisho. Tukapanga vyumba viwili Nangara, na kila jioni mama akawa na wimbo mmoja: baba aombe kurudi kwetu. Kilichomkera zaidi ni mboga. Alisema hajawahi kuishi mahali ambapo kila jani analokula amelinunua kwa mtu asiyemjua.

Mwenye nyumba, mzee mkulima aliyeishi Singe, alimruhusu kulima uwanja wa nyuma. Uwanja wenyewe! Kifusi, vipande vya chupa, na kiatu kimoja cha mtu mzima. Mama aliokota uchafu wote kwa mkono, akabeba samadi kwa ndoo kutoka zizi la jirani, akapiga matuta. Mvua za pili zilipokuja tulikuwa na mnafu, maboga, na kunde zilizotambaa mpaka mlango wa choo. Nilipenda kumtazama akichuma. Alichukua jani laini, akaacha kichomozo kichipue tena, akasogea taratibu kama anayemsuka mtoto anayelia. Mimi nilikuwa nararua tu, na alinifukuza shambani bila kuchelewa.

Kunde hizo hazikuwa za kula msimu wa mvua peke yake. Kiangazi cha Babati ni vumbi, na mboga sokoni huwa chache na zimenyauka. Mama alichemsha majani kidogo kwa chumvi, akayakamua, akayatandaza kwenye nyungo chini ya kibaraza, penye upepo na kivuli. Jua hakutaka hata liyachungulie. Yakikauka yakiwa bado na ukijani wake, yaliingia kwenye chungu kikubwa cha jikoni, akakifunga mdomo kwa kitambaa. Chungu kikijaa, mama alilala vizuri. Hilo nalisema kwa uhakika, maana tulikuwa tunasikia anavyokoroma.

Mwaka mmoja wageni wa ofisi walikuwa wengi, vyumba vya kupanga vikaadimika. Mwenye nyumba akaja asubuhi, kunde zikiwa zimekolea kabisa na chungu kikiwa kitupu.

"Mama, nataka kuongeza vyumba viwili hapo nyuma. Mafundi wanaingia Jumatatu."

"Sawa, baba. Mpaka Jumatatu ni pangu?"

"Ni pako."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka mama aseme kitu, alie, amkumbushe ile ndoo ya samadi. Yeye akafunga kanga kiunoni, akaingia kwenye kunde. Lakini usiku ule nilimsikia akimwambia baba, kwa sauti ndogo sana, kwamba safari hii aandike hiyo barua ya kuomba kurudi. Hatalima tena uwanja wa mtu. Baba akakubali.

Tulichuma Ijumaa na Jumamosi. Nyungo zikatujaa mpaka chumbani. Jumapili mama akaenda kanisani, na baba, aliyebaki na kikohozi, akaona majani yanakauka polepole mno. Baba alikuwa mtu wa mafaili, na aliipenda ile nyumba kwa sababu ya bati lake jipya. Akaweka ngazi, akapandisha nusu ya nyungo na kuyamwaga majani juu ya bati, kwenye jua kali, asaidie kazi.

Mama aliporudi, majani yalikuwa yameungua, yamegeuka rangi ya tumbaku. Baba alisimama ameshika ngazi kama mtu aliyekamatwa anaiba. Nikasubiri moto uwake. Mama alichukua jani, akalisaga kwa vidole, akanusa, akamtazama mumewe, akamtazama tena.

"Lete kinu," akaniambia.

Tulitwanga mchana kutwa, akachekecha, ukapatikana unga laini wa kijani-kahawia. Akaumwaga kwenye mkebe. Baba ndiye aliyetwanga zaidi, bila kuambiwa. Sijawahi kumpenda mama kama siku ile, na baba nadhani vilevile.

Mafundi wakaja, bustani ikafunikwa. Chumba cha kwanza kilipanda haraka. Cha pili kikawa msingi wa mawe tu. Kufika kiangazi, mwenye nyumba alikuwa anashinda pale akisimamia kazi, na mama hakuweza kumwacha mtu akae na njaa uani kwake, hata huyo. Akamsongea ugali, akapika ule unga kwa karanga. Mzee alikula ameketi kwenye kizingiti cha chumba kipya. Akaomba nyongeza.

"Mama, mboga hii umeipata wapi na jua hili?"

"Hapo ulipokaa, baba."

Nilitamani kucheka, nikaogopa. Mzee alitazama chini, katikati ya miguu yake. Akamaliza sahani, akanawa, akaenda kusema na fundi. Mawe ya chumba cha pili hayakuongezwa tena.

"Mvua zikija, panda humo ndani ya msingi," alimwambia mama akiondoka. "Ila sahani yangu usiisahau."

Mama alijaza udongo na samadi ndani ya yale mawe. Zilipoanguka mvua, kunde zilipanda ukuta na kumwagikia nje, na watu wakawa wanapita kushangaa chumba kilichopangishwa mboga.

Ndipo baba akarudi kutoka kazini na habari njema: ombi lake limekubaliwa, tunaweza kurudi Singida. Mama alikuwa anachuma. Hakuinua kichwa.

"Nenda ukasalimie," alisema. "Mimi nikaende wapi, na kunde zangu zimejengewa msingi?"