Wembe Mbaya Nilioupeleka Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini sikumnyoa mtu. Fundi Mkuu, mwenye kibanda cha kunyolea jirani na soko la Majengo, alinipa puto lililopakwa povu la sabuni na kuniambia nilinyoe. "Likipasuka, umemkata mteja," alisema. Niliwakata wateja wengi sana asubuhi ile, na Fundi Mkuu akacheka mpaka akakaa chini.

Ninyi mnaonunua wembe bila kuutazama, tulieni niwaeleze. Wembe wa kukunja, tulioita kisu cha kinyozi, ulikuwa ghali lakini ulidumu miaka, mradi uunoe kila asubuhi kwenye ukanda wa ngozi. Wembe mwembamba wa pande mbili ulivunjwa katikati, nusu ikapachikwa kwenye mpini. Huo una tabaka zake. Wa bei ya chini unavuta nywele kabla ya kuzikata, na mteja anatokwa machozi akisingizia povu. Wa bei ya kati hupita kimya. Fundi Mkuu alizoea kutumia mmoja kwa watu kadhaa, mpaka Bwana Afya wa kata alipopita vibandani akatuambia kila mtu apate wembe wake, basi. Fundi Mkuu alinuna, kisha akatii, nami nikaishika sheria hiyo mpaka nastaafu.

Kutoka hapo nilihamia Kibaigwa, kuwanyoa madereva wa malori na madalali wa mahindi. Huko nilikutana na wembe wa plastiki wa kutupa, wenye makali mawili. Ni rahisi na unapendeza machoni, lakini unakata unywele chini ya ngozi, na ndevu zetu za kujikunja zikiota tena zinachoma nyama. Madereva walirudi kwangu na videvu vilivyojaa vipele, wakinilaumu mimi. Nikawarudisha kwenye wembe wenye makali upande mmoja, maji ya moto na shabu ya kufungia ngozi, wakapona.

Hatimaye nikafungua kibanda changu Chamwino. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini jina langu lilininyoa vizuri mji mzima, nami nililipenda jina hilo. Ndipo nikaitwa kwenye msiba mmoja wa kijiji cha jirani kuwanyoa wanaume wa ukoo siku ya kumaliza matanga.

Kaka wa marehemu, ambaye wote walimwita Baba Mkubwa, alinipokea. Nikamwambia nimeleta nyembe za kumtosha kila mmoja.

"Hapana, Fundi," alisema. "Ukoo huu unanyolewa kwa wembe mmoja. Unaanza na mimi, kisha mtoto wa kwanza wa marehemu, unashuka hivyo. Tumetoka tumbo moja. Ukitugawia nyembe, unatugawa."

Nilipokwenda kunawa nyuma ya nyumba, yule mtoto wa kwanza alinifuata. Nitamwita Meshaki, ingawa si jina lake.

"Shikamoo, Fundi. Naomba unisikilize. Mimi natumia dawa za virusi. Hapa hakuna anayejua. Nikikataa kunyolewa wataniuliza sababu, na nikinyolewa, wembe unatoka kwangu unakwenda kwa wadogo zangu."

Niliogopa. Ningeweza kukataa kazi na kuondoka, lakini Baba Mkubwa angetuma mtu dukani alete wembe wowote, wanyoane wenyewe. Nikamwambia Meshaki akakae kwenye nafasi yake.

Nilimnyoa Baba Mkubwa kwa wembe wangu mzuri. Nilipomaliza nikautazama, nikatikisa kichwa, nikautupa kwenye kopo.

"Vipi?" akauliza.

"Umekwisha makali, Mzee. Nilinunua za bei ya chini. Haziwezi kichwa cha pili."

Baba Mkubwa akasimama. "Fundi mzima unatuletea takataka msibani? Ndugu yangu hakuwa mtu wa kunyolewa kwa nyembe za kuokoteza!"

"Nisamehe, Mzee. Nitabadilisha kwa kila mtu."

Wakaguna, lakini hawakuwa na la kufanya. Nikamnyoa Meshaki kwa wembe mpya, na wadogo zake kila mmoja kwa wa kwake. Niliona aibu kweli, siwafichi, maana kila mmoja wao alinitazama kama tapeli. Habari ikafika mjini kabla yangu. Wateja wakapungua, na mwisho nikafunga kibanda nikaenda kuajiriwa kwenye saluni ya Mtumba, nikichonga kingo za nywele za maofisa chini ya msimamizi mwenye umri wa mwanangu. Aliniheshimu, nami nilimaliza kazi yangu pale kwa amani.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza wembe upi ni bora, nawajibu: wa bei ya kati, mpya, wa kwako peke yako.

Hivi karibuni Baba Mkubwa alinitumia ujumbe. Anaumwa miguu, hatoki ndani, akataka mimi na si mwingine nikamnyoe ndevu. Meshaki ndiye anayemtunza, na ndiye aliyenifungulia mlango. Nilipokuwa nampaka povu, mzee alinishika mkono.

"Wembe mbaya naujua, Fundi. Ule wa msibani ulikuwa mzuri."

Nikaiweka brashi ya povu chini.

"Nilikuwa nimeshaanza dawa za virusi," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na watoto wote wa ndugu yangu wangenifuata. Sikujua namna ya kukataa mila niliyoisimamia mwenyewe. Ulipoutupa ule wembe nilikutukana ili nisilie."

Tulisikia Meshaki akikoroga uji jikoni. Mzee akageuza uso kuelekea huko.

"Unadhani akijua, ataendelea kunilisha?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu kulitoa. Nikamfuta povu mdomoni.

"Mwite umwambie, Mzee," nikasema. "Mimi nitasubiri nje."