Kumshika Tingatinga

Msusi ninayemzungumzia ni mwembamba, na hata akivaa viatu vya kisigino anaishia begani kwangu. Saluni yake na cherehani yangu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, kwa hiyo yake nayajua na yangu anayajua, tupende tusipende. Kaka yake ndiye huyo tunayemwita Tingatinga. Alikuwa mpakuaji wa saruji, mtu wa kubeba mifuko miwili kwa mpigo, na kwa mgongo huo alimlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki. Kisha kichwa kikaanza kumsumbua. Dawa anameza, hospitali anakwenda, na siku nyingi yuko mpole kabisa, anafagia nywele saluni na kuwatania wateja. Lakini yale mambo yakimpanda, hasikii wala haoni. Anatoka mbio kuelekea barabara kuu, kwenye malori.

Hapo ndipo wanaume wa mtaa wetu wanapokumbuka kuwa wao ni wanaume. Wanakuja na kamba. Mara ya mwisho walimvunja mfupa wa bega, halafu wakakaa kibarazani kupongezana. Nilitamani kuwamwagia maji ya moto wote, nikianza na mume wangu, maana naye alikuwemo.

"Dada, wakimfunga tena vile atanifia," msusi aliniambia. "Hawajui kushika mtu. Wanajua kuangusha tu."

"Na wewe utamshika na nini? Na hivyo vidole vya kusukia?"

"Nitajifunza. Kuna michezo ya kukamatana chini, haina ngumi wala teke. Mdogo anamshika mkubwa mpaka anatulia."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaona haya. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Basi nikafunga cherehani nikaenda naye kutafuta shule, maana peke yake angetapeliwa mchana kweupe.

Ya kwanza ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vioo kila upande, na kwenye nafasi iliyobaki, picha za mwalimu. Mwenyewe alitupokea kwa kurusha mateke hewani.

"Mtu akinijia na sitaki kumuumiza, nafanyaje?" msusi aliuliza.

"Usimpe nafasi ya kukujia."

"Ni kaka yangu."

Mwalimu akakohoa, akaanza kutueleza rangi za mikanda. Tukashuka ngazi.

Ya pili ilikuwa ndani ya ghala linalonuka jasho, na mwalimu wake wanamwita Komando. Huyo kazi aliijua, sikatai. Alimlaza chini kijana mwenye kifua kipana kabla sijakaa vizuri. Lakini kijana alipiga kelele kuwa inatosha, na Komando akaendelea kumbana huku akitutazama sisi, kuhakikisha tumeona. Msusi alimweleza shida yake.

"Mpige kabali tu, mama. Atalala kama mtoto."

"Na kuamka?"

"Wengi wanaamka," alisema, na wanafunzi wake wakaangua kicheko.

Njiani msusi alilia waziwazi, watu wakigeuka kututazama, na mimi nikiwatolea macho mpaka wakatazama mbele.

Alikuwa amekwisha kukata tamaa pale mteja mmoja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alipomtajia fundi baiskeli anayefundisha judo nyuma ya karakana ya seremala. Tulienda kwa miguu mizito. Mikeka yao ilikuwa magodoro ya zamani yaliyoshonewa turubai, na mimi jicho langu likaenda kwenye mshono: umepigwa mara mbili, hakuna uzi uliolegea. Nikajua hapa kuna mtu anayejali migongo ya wenzake. Jitu moja lilikuwa linafanya mazoezi na binti mdogo, linajishusha polepole ili asiumie. Na walikuwa na sharti lao: wa chini akigonga kwa kiganja, mara mbili, unamwachia hapo hapo, bila kuuliza. Mwanafunzi mmoja alichelewa kidogo tu. Fundi akamwambia avae viatu aende nyumbani.

Msusi alinibana mkono. "Hapa, dada."

Fundi alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika tama. "Siwezi kukuahidi kitu," alisema. "Mtu wa kawaida anachoka. Mwenye hali hiyo hachoki upesi. Ila nitakufundisha. Na nyumbani fanya naye mazoezi akiwa mzima, ili asiione mikono yako kuwa ya adui."

Tangu hapo ukuta wangu ulikosa amani. Nasikia kishindo, kisha Tingatinga anacheka hadi anakohoa, "Nimekufa! Nimekufa, niachie!" na kiganja kinagonga sakafu. Msusi anaachia kabla sauti ya pili haijaisha. Alivimba viwiko, akapungua zaidi, lakini usoni alianza kurudi mtu niliyemjua.

Siku yenyewe ilikuja mchana, saluni imejaa. Nilisikia chupa zikivunjika, na Tingatinga akatoka mbio. Mdogo wake alimrukia mgongoni, akamzungushia miguu kiunoni, wakaanguka wote mchangani mbele ya mlango wangu. Na akamshika! Mikono imepita chini ya makwapa, uso ameuficha shingoni kwake, anamnong'oneza. Wanaume walifika na kamba yao wakabaki wameduwaa.

"Asisogee mtu!" alifoka. Hawakusogea. Tingatinga alinguruma, akajitupa huku na huku, kisha pumzi zikaanza kushuka. Nilitaka kushangilia.

Ndipo kiganja chake kikagonga mkono wa dada yake. Mara mbili.

Mikono ya msusi ikafunguka. Aliniambia baadaye kuwa hakuamua yeye, mikono ilijifungukia yenyewe. Tingatinga alikuwa ameshainuka, ameshafika barabarani, lori linapiga honi. Wanaume wanne walimdaka ukingoni, wakamlaza kifudifudi kwenye lami, wakamkalia. Mume wangu alikalia miguu.

"Mwachieni!" msusi alipiga kelele. "Anagonga! Hamwoni anagonga?"

Walimtazama kama naye kichwa kimemruka.

"Anasema nini huyu?" mume wangu aliniuliza.

"Kaka yake ameomba kuachiwa."

"Saa ngapi? Mbona hajasema kitu?"

Mkono wa Tingatinga ulikuwa unapiga lami. Mara mbili, unasubiri kidogo, mara mbili tena, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa. Nilimkamata mume wangu kola nikamwondoa miguuni. Wale watatu waliobaki waliushika mkono ule, wakaanza kuufunga kamba.