Jirani wa Ugonjwa

Nanzala hakuvumilia kuambiwa kwamba wao walichomewa kwa bahati mbaya. Januari ile ya mwaka 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi, familia yake ilikuwa imepanga mtaa wa Kimumu, Eldoret, katika ploti ya Nderitu mwenye duka. Mchana vijana walilipaka lango alama ya rangi nyekundu. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa majivu. Katika kambi walikokimbilia, mwanamke mmoja wa mtaa uleule alimfariji mama yake.

"Pole, Mama Nanzala. Kwenu walikosea tu. Nyinyi si wa kabila lile."

Nanzala, wakati huo akiwa kidato cha tatu, akadakia: "Na Nderitu? Kwake hawakukosea?"

Mama yake alimfinya mkono anyamaze. Yule mwanamke alishughulika na kanga yake. Swali lilibaki pale, na nchi nzima imelipita kama maiti ya barabarani.

Miaka ilisonga. Nanzala alisoma hadi chuo kikuu, akaajiriwa katika maabara ya mbegu nje kidogo ya mji wa Eldoret. Kazi yake ilikuwa kusoma mtandao wa jeni za mahindi. Jeni zinazoamka pamoja na kulala pamoja, kompyuta huziunganisha kwa nyuzi, mpaka kioo kijae utando. Kazi ya jeni nyingi inajulikana. Ile isiyojulikana, desturi ya fani ni kuipa kazi ya majirani zake. Desturi hiyo husaidia sana, ilmradi mtu akumbuke kwamba ni dhana, wala si hukumu.

Msimu ule ugonjwa ulikuwa ukiyakausha mahindi yangali mabichi. Katika utando, jeni moja isiyojulikana ilionekana katikati ya zile zinazoamka mmea unapozidiwa na ugonjwa. Kompyuta ikaiandika: msaidizi wa ugonjwa. Daktari Simeon, mkuu wa maabara, akaagiza mbegu zote zenye jeni hiyo zichomwe kabla ya mvua. Miongoni mwazo yalikuwamo mahindi meupe ya wakulima wa Moi's Bridge, alikohamia mama yake Nanzala baada ya kambi. Punje za kwanza aliipa maabara mama huyo kwa mkono wake, na kwingine hazikuwepo tena.

"Daktari, tumeiona ikifanya nini?" Nanzala aliuliza.

"Tumeona inatembea na nani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Hawa si samaki. Aliyekutwa penye moto huenda alikuja kuuzima. Huenda ni kwake kunakoungua."

Collins, mwenzao wa meza ya pili, akacheka. "Wakili wa mahindi huyo! Kesho utamtetea hata funza."

"Akishtakiwa bila ushahidi, nitamtetea."

Simeon alivua miwani, akaifuta polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na wenye haraka wametuchomea mengi. "Chukua msimu mmoja," alisema mwishowe. "Mbegu hizo zikianguka mtihani, kiberiti utawasha wewe."

Ndani ya kitalu kilichofungwa, Nanzala alipanda mahindi yenye jeni ile pamoja na ndugu zake wasio nayo, akayaambukiza yote. Yaliugua sawa na kupona sawa. Ndipo akachukua mimea isiyo na ugonjwa, akainyima maji. Jeni ikaamka. Akaimwagilia, ikalala. Kumbe ilikuwa ikiamshwa na kiu. Ugonjwa ulikausha majani, nayo ikaamka pamoja na wenye kosa.

Simeon alikisogelea kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo si adui wala si mlinzi?"

"Ina kiu yake tu, Daktari."

"Basi andika hivyo. Na kile kiberiti nirudishie."

Mwezi wa nne Nanzala alimpelekea mama yake mkebe wa mbegu zile. Walikaa kizingitini, mama akizichambua kwa vidole huku akisikiliza kisa kizima.

"Kumbe hao wakubwa wako walikosea tu," alisema.

"Hawakukosea, Mama. Hawakuuliza."

Mama aliziacha punje zimtiririke mkononi. Safari hii hakumfinya.

"Nderitu alipenda sana mahindi haya ya kuchoma," alisema. Akagawa mbegu mafungu mawili, akalifunga moja katika kitambaa. "Mtafute alipo. Mpelekee."