Mbao za Watu Wangu

Hapa Kiterajo siku hizi, mtu akikusalimu mara ya pili unajiuliza anataka nini. Zamani hatukuwa hivi. Tumekuwa hivi tangu tulipokimbia vita tukaenda kuishi kisiwani Makaloe, kisha tukarudi na kukuta nyumba imekuwa majivu na jirani anamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Basi msinishangae nikiwaambia kwamba nyumbani kwetu aliyeshukiwa kuliko wote alikuwa baba yangu mzazi, mtu ambaye hakuwahi kumega tonge kabla hajauliza kama mama ameshakula.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza milango, madirisha, vitanda, na viunza pia, yaani zile mbao wanazofunikwa nazo maiti kaburini ili mchanga usiwaangukie. Kabla ya vita, karibu kila aliyezikwa kijijini kwetu alilala chini ya ubao wa baba. Lakini bibi yangu, mama yake yeye mwenyewe, alifia Makaloe, na kule hatukuwa na ubao wala msumeno. Alizikwa kwa mkeka na matawi. Baba aliporudi kutoka makaburini alikaa mlangoni anajikung'uta mchanga mikononi, na mchanga wenyewe ulikuwa umeshakwisha.

Tuliporudi Kiterajo alitujengea kwanza pa kulala, halafu akajijengea banda la kazi na kulitia kufuli. Kufuli! Zamani banda lake halikuwa hata na mlango, kuku wetu walitagia humo kwenye maranda. Sasa ufunguo ameuvaa shingoni, anaoga nao, analala nao.

Kisha mama akaanza kukuta maranda mekundu kwenye mifuko ya shati lake. Mke wa seremala ni seremala nusu, anajua mti kwa kuunusa. "Hii mbambakofi, mti wa thamani," akaniambia. "Milango ya watu anatengeneza kwa mwembe. Mbambakofi ni ya nani?"

Mama mdogo, ambaye mdomo wake hauna pazia, alilimaliza jambo pale pale. "Dada, umelala? Mwanamume akipasua mbambakofi kwa siri, ujue kuna kitanda. Na kwetu kitanda kipya kinamngoja bi harusi."

Nani asiyejua hilo? Kwetu mwanamume haoi bila kitanda. Na sisi wenyewe tulikuwa bado tunalala mikekani, mimi na mwanangu baada ya kuachika, mama na mbavu zake zinazouma. Hapo ndipo palipotuchoma.

Mama akamwuliza akiwa anampakulia. "Mume wangu, zile mbao za nani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Watu wangu," baba akasema, akanawa mikono.

Toba! Watu wake ni akina nani kama si sisi tuliokaa pale? Tangu siku ile nilimchunga baba kama mchawi. Akitoka, namtazama anapinda njia ipi. Akitabasamu, najiuliza anamtabasamia nani. Hata alipomletea mama samaki mkubwa, nilisema moyoni: mwenye kosa hujipendekeza.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nimejinyoosha kivulini, usingizi umenipitia, nikahisi kitu kinanigusa unyayo. Nikafumbua macho. Baba amepiga magoti kando yangu, ameshika uzi, ncha moja kwenye kisigino changu na nyingine utosini.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nakufukuzia nzi," akasema, akaukunja uzi kiganjani.

Nzi gani anafukuzwa kwa uzi? Nilipiga kelele mama akaja mbio na mwiko mkononi. Kwetu anayepimwa kwa uzi ni maiti, au ni mtu anayelogwa, na mimi nilikuwa hai. Kitanda mama angeweza kukivumilia, wake wenza wapo duniani, lakini sasa baba amegusa watoto.

"Fungua banda nione," akamwambia. "Ama sivyo, nipe talaka yangu."

Baba hakuwahi kumnyima mama kitu. Siku ile aliushika ufunguo wake shingoni. "Wallahi hakuna mwanamke. Lakini nikikufungulia nitakuchuria."

"Uchuro gani unaozidi huu?"

Mama akafunga mzigo wake, akapanda gari, akaenda zake Mute kwa kaka yake, mbali huko. Nyumba ikapoa. Kila baada ya Alasiri baba aliniuliza, "Mama yako hajapiga simu?" Nikamjibu mkato, maana nilikuwa na hasira naye. Mtungi wa mama aliujaza maji kila siku, na hakuna aliyeyanywa.

Baba alianguka mlangoni pa banda lake siku ya Ijumaa, ameshavaa kanzu ya msikitini. Tulipomfikia hakuwa nasi tena. Nilimpigia mama simu kwenye celular na sikujua nianzie wapi. Alifika kesho yake asubuhi, maiti ikimngoja yeye.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyemvua ule ufunguo. Tulimfuata hadi bandani, mama mbele. Kitanda hakikuwamo. Juu ya boriti zilipangwa mbao za mbambakofi zilizopigwa randa zikang'aa, na kila ubao umefungwa uzi wake. Baba mdogo akazishusha polepole. "Hiki kiunza cha mkewe. Hiki chako wewe," akaniambia. Kisha akashusha kifupi, laini kuliko vyote, naye hakusema ni cha nani. Nilimkumbatia mwanangu, nikaiuma kanga.

"Aliniapisha nisiseme," baba mdogo akasema. "Kule Makaloe aliuona mchanga ukimwingia mama yetu mdomoni. Akasema, wa kwangu hawataonja mchanga, hata tukikimbia tena. Sasa nani angefurahi kujua mumewe amemchongea ubao wa kaburi?"

Mama aliuliza, "Na chake kiko wapi?"

Tulitafuta. Hakikuwapo. Alikuwa ametupima wote, na hakuna aliyempima yeye. Alikuwa mrefu kutushinda wote, na mbao zote zilikuwa fupi.

"Chukueni changu," mama akasema.

"Shemeji, hakitamfikia. Miguu itabaki nje."

"Basi kateni meza yake ya kazi muungie. Changu ndicho atakachofunikwa nacho."

Wakafanya hivyo. Wanaume walipoondoka na jeneza, mama alibaki bandani na ule uzi uliokuwa umefunga ubao wake. Aliuviringisha kidoleni, akaufungua, akauviringisha tena.

"Na mimi nitafunikwa na nini?" akaniuliza.

"Na mchanga," akajijibu. "Kama mama yake. Na nikimfikia huko akaniuliza, mke wangu, ubao wako uko wapi, nitamwambia: unao wewe, mwongo mkubwa."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu afike.