Jiwe Halina Mjomba

Mimi sijui kunyamaza, na riziki yangu imeandikwa hukohuko kwenye mdomo. Nafanya kazi kwa sonara pale Morogoro mjini, mzee wa Kihindi aliyerithi duka kwa baba yake. Mteja akileta mkufu, mimi ndiye ninayeusugua juu ya jiwe jeusi mpaka uache mstari, nikadondosha tone la tindikali, halafu tunasubiri. Mstari ukibaki, ni dhahabu. Ukitoa povu la kijani ukapotea, pole sana ndugu yangu. Nimewahi kuvunja uchumba wa watu kabla ya saa nne asubuhi, kisha nikaenda kunywa chai na vitumbua vyangu bila wasiwasi. Mzee hunikumbusha kila mara kwamba jiwe halina mjomba, yaani usimpunguzie mtu jibu kwa sababu analia.

Shida ni kwamba mimi mjomba ninaye, tena wa Kiluguru. Kwetu huko milimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka mkubwa wa mama akisema ndoa hakuna, hakuna, hata kama padri ameshafua kanzu. Mwaka juzi mama yangu mdogo alipata mchumba. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, amelima kabichi zake, ameuguza wazazi wake mpaka akawazika, na watu walishaacha kumuuliza habari za kuolewa. Huyo bwana alikuwa mgane, mkulima wa karanga wa Gairo, mpole, ana masikio makubwa. Mama mdogo alimpenda waziwazi, akawa anacheka peke yake shambani. Mimi nilifurahi hata nikanunua kitambaa cha sare kabla tarehe haijapangwa.

Mjomba hakumkataa mtu. Alikataa pete. Yule bwana aliitoa mfukoni mbele ya wazee kwa madaha, akaeleza kwamba ameinunua Dumila, kwa mchuuzi aliyemfuata dirishani basi liliposimama njia panda. Mjomba akauliza ni nani hununua dhahabu mahali ambapo wenzake wananunua vitunguu na mayai ya kuchemsha. Akatoa hukumu: pete ipimwe. Ikiwa ya uongo, basi mwenye nayo ni tapeli au ni mjinga, na dada yake hatamwoza kwa yeyote kati ya hao wawili. Kisha akanyoosha kidole chake chenye pete ya ndoa, akasema maneno ambayo wapwa zake wote tunayajua kwa moyo, maana huyasema kwenye kila kikao cha harusi: hii ndiyo dhahabu, haijatoka kidoleni tangu kanisani, hata kwenye jembe.

Nikaitwa. Nilipanda bodaboda mpaka mlima ulipoishinda, nikamalizia kwa miguu. Mkobani nilikuwa na jiwe langu, tupa ndogo, na chupa ya tindikali niliyoifunga mifuko mitatu na kanga juu yake. Nilimwamkia mjomba shikamoo, nikamwamkia na mkewe aliyekuwa mlangoni anamenya maharage, nikakaa kwenye kigoda kwa mikogo kama daktari bingwa.

Kabla sijaanza, mama mdogo alinivuta mkono hadi jikoni.

"Mwanangu, ikiwa ya uongo, usiseme."

Nami, mjinga mimi, nikamjibu kwamba jiwe halina mjomba. Tena nililisema kwa maringo. Aliniachia mkono, akageuka kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Nilipofungua mkoba nikakuta nimesahau vijiti vyangu. Hivyo ni vijiti vyenye ncha za dhahabu ya kweli, tunavisugua pembeni ya kitu cha mteja ili mistari miwili ilinganishwe. Mtu mwenye akili angeomba radhi, akarudi siku nyingine. Mimi niliona aibu mbele ya watu waliokuja kuniangalia, nikamwomba mjomba pete yake tuitumie kama kipimo, si ndiyo dhahabu inayojulikana ukoo mzima? Alifurahi sana. Ilibidi iletwe sabuni, na mimi na yule mchumba tukavutana naye mpaka ikachomoka.

Nikazikwaruza kidogo kwa tupa, nikasugua mistari miwili sambamba. Yote ikang'aa. Vichwa vikainama juu ya jiwe. Nikadondosha tindikali. Mstari wa Dumila ukatoa povu la kijani, ukaenda zake. Mstari wa mjomba ukaufuata, tena huo ndio ulikuwa na haraka zaidi.

Nikajiambia tindikali imeharibika kwa joto la njiani. Nikavua hereni yangu, niliyoipima mwenyewe dukani, nikaisugua kando na kuweka tone. Mstari wake ukabaki pale, wa manjano, mkaidi. Hapo nikakosa pa kujificha.

Mjomba hajui kusoma jiwe, lakini uso wangu anausoma tangu nikiwa mgongoni.

"Ya shemeji ni mbovu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na yangu?"

Nilitamani kusema uongo, na Mungu anajua nilijaribu. "Na yako."

Akahamia kwenye Kiluguru, na kwa mjomba hiyo ni dalili mbaya. Alimtukana sonara aliyemuuzia, akamtukana na baba yake. Mkewe hakuinua kichwa kwenye ungo wa maharage. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba amwache sonara wa watu, hana kosa.

Ndipo akaeleza. Mwaka ule mjomba alipolazwa kwa kifua, siku nyingi hajitambui, vidole vilikonda mpaka pete ikadondoka shukani. Yeye aliiokota, akaiuza mjini, akanunua dawa. Kisha akapita sokoni akatafuta ya shaba inayofanana nayo, akamvisha kabla hajafumbua macho. Mjomba alipona, akanenepa, pete ikabana.

Mjomba akaitazama pete kidoleni mwa mkewe.

"Na yako mbona hukuiuza?"

"Ilikataa kutoka. Nilijaribu hata sabuni."

Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka, kule jikoni, tukafuata wote. Mjomba hakucheka. Aliichukua pete yake, akaifuta kwa shati, akairudisha kidoleni bila sabuni, akisukuma mpaka ngozi ikachubuka. Kisha akaiokota ile ya Dumila, akamrudishia mwenyewe na kumwuliza anataka harusi mwezi gani.

Siku ya harusi alisimama kutoa nasaha. Akanyoosha kidole kilekile, nasi wapwa tukaanza kukonyezana, maana maneno tunayajua.

"Hii ni shaba," alisema, akimtazama mkewe. "Na siivui."

Mama mdogo, na shela lake kichwani, ikabidi anikanyage mguu ninyamaze, maana nilikuwa nalia kwa sauti.